Hapana ya Mapema

Jumanne, 4 Juni 2024

Ukungu haukuinuka hadi saa tano. Watu walikuja ofisini wamejifunga makoti na mablanketi, na benchi la nje lilikuwa limelowa mpaka nikalifuta kwa taulo. Watatu walikuwa wa ajali. Nimempokea mmoja.

Wa kwanza ni mama kutoka upande wa Lukozi. Mwanawe alianguka na bodaboda mwezi Machi, kwenye udongo mwekundu baada ya mvua, mguu ukavunjika mahali pawili. Alifungua kanga mapajani, akatoa picha za mionzi, cheti cha hospitali na risiti zilizokunjwa mara nne nne. Wote aliowaonyesha kabla yangu walitazama picha kwanza. Mimi nikamuuliza, "Ilikuwa tarehe ngapi, mama?" Kisha nikauliza nani mwingine alikuwepo barabarani. Hakuna. Pikipiki ya kijana mwenyewe, hakubeba abiria, hakuna gari lililomchomekea. Aliteleza tu.

Nikamweleza kwamba ile bima ndogo ya pikipiki humkinga atakayegongwa na mwanawe, haimkingi mwanawe. Akanyamaza kitambo. Halafu akasema taratibu, "Kwa hiyo huu mguu hauna mwenyewe?" Nimeyaandika maneno yake kama alivyoyasema kwa sababu sikuwa na jibu. Nilichoweza ni kumwandikia barua aende ofisi ya ustawi wa jamii hospitalini kuomba msamaha wa gharama za kutoa vyuma.

Wa pili ni kijana wa kiwanda cha kupasua mbao. Msumeno ulimchukua vidole viwili vya mkono wa kushoto. Alikuja amekasirika, tayari kumburuza tajiri mahakamani. Nikamuuliza kama mwajiri anachangia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Anachangia. Basi pale hapakuwa na kazi ya wakili, na ningemtoza hela ya kesi ningekuwa nimemwibia. Mfuko ule ulianzishwa kwa sheria ya mwaka 2008 na ukaanza kufanya kazi Julai 2015. Hauulizi nani alikosea, unauliza kama uliumia ukiwa kazini. Ulemavu wa kudumu usiozidi asilimia 30 hulipwa kwa mkupuo, ukizidi hapo inakuwa pensheni ya kila mwezi. Nikamwandikia karatasi ya mambo ya kumdai mwajiri, na kile daktari anachopaswa kujaza. Alipofika mlangoni akauliza kama huo ndio Mfuko wenye hisa katika kiwanda cha chai cha Mponde. Nikamwambia ndiyo, ni mmoja wa wamiliki. Kiwanda kile kilipofungwa mwaka 2013 kwao walikata tamaa ya chai kabisa, kwa hiyo jina la Mfuko analijua kwa chai, hakulijua kwa vidole.

Wa tatu, mwalimu wa shule ya msingi, nilimpokea kwa nusu saa. Alikuwa abiria wa Hiace iliyopiga ukingo wa daraja Novemba mwaka jana, akavunjika mtulinga. Dereva alikiri kosa mbele ya hakimu, akalipa faini, hakukata rufaa. Chini ya Sheria ya Ushahidi, hukumu ya jinai ya namna hiyo, muda wa rufaa ukishapita, haipingwi tena. Sina haja ya kuthibitisha upya kwamba dereva alikosea. Stika ya bima ilikuwa hai siku ya ajali. Risiti zote ziko kwenye bahasha moja, kwa mpangilio wa tarehe.

Naona aibu kuliandika, lakini ndivyo lilivyo. Kati ya watatu wale, aliyeumia kidogo kuliko wote ndiye niliyempokea.

Alhamisi, 6 Juni

Kuli wa sokoni, miaka 22. Alipanda juu ya lumbesa za kabichi kwenye Canter iliyokuwa inateremka kwenda Mombo usiku ili iwahi Dar es Salaam alfajiri. Chini ya Soni breki zikashika moto, gari likalala ubavu. Nyonga imevunjika. Amekuja na mjomba wake.

Mjomba ndiye aliyesema. "Wakili, sisi tunataka milioni mia." Nikamwomba kwa heshima aniachie kijana aongee. Sipokei shauri la mtu ambaye sijamsikia kwa kinywa chake mwenyewe. Nimejifunza kwamba mwenye jeraha na mwenye kulisemea jeraha hawataki kitu kimoja. Kijana alipopata nafasi hakutaja milioni mia. Alisema anataka kujua kama ataweza kubeba tena, na kama hawezi, nani atamlisha mtoto wake.

Nikauliza kama kuna karatasi yoyote alitia sahihi. Wakatazamana. Mjomba akaitoa kwenye mfuko wa koti. Imeandikwa kwa kalamu ya bluu kwenye ukurasa wa daftari la hesabu: amepokea shilingi 600,000 kutoka kwa mwenye gari "kwa ajili ya kumalizana" na "hatadai tena jambo lolote." Chini kuna mhuri wa kijiji, majina ya mashahidi wawili, na dole gumba la kijana. Tarehe ni siku ya tisa baada ya ajali. Nikamuuliza alikuwa wapi siku ile. Alikuwa kitandani, mguu umefungwa kwenye uzito wa kuvutia. Walimletea wino palepale. Kijana huyu amemaliza kidato cha nne na anaandika jina lake vizuri. Alitumia dole gumba kwa sababu mkono wa kulia ulikuwa na sindano ya maji.

Karatasi hizi zimejaa milimani kwetu. Siwalaumu wazee wanaozisimamia. Wamezoea kwamba ugomvi ukiachwa huoza, na mtu aliyelala hospitali anahitaji hela ya dawa leo, si hukumu ya mwaka kesho. Zamani hata shauri lililopelekwa Vugha kwa Wakilindi lilikuwa na sehemu ya kupatana. Lakini kupatana kule kulikuwa na watu wazima wawili waliosimama kwa miguu yao. Sheria ya Mikataba inataka ridhaa iliyo huru, na kijana aliyefungwa mguu kitandani, hajui kama mfupa utaunga, hajui hata ameumia kiasi gani, anaridhia nini? Karatasi hii inapingika. Si rahisi, ila inapingika, na 600,000 zitahesabiwa kama sehemu aliyokwisha kulipwa.

Nimewaambia warudi Jumatatu. Sikusema ndiyo wala hapana, ila nimewatajia siku.

Jumatatu, 10 Juni

Nimeangalia namba ya gari kwenye mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima. Stika ya Canter ilikuwa imeisha siku kumi na moja kabla ya ajali.

Hapo ndipo shauri linapobadilika rangi. Sheria ya Bima ya Magari inamlazimu kila mwenye chombo kuwa na bima ya watu wengine, na hukumu ikipatikana kampuni ya bima ndiyo hulipa. Bima ikiwa imekufa, unabaki na mwenye gari peke yake, gari lenyewe chuma chakavu na huenda mkopo wake haujaisha. Nimewahi kushinda kesi ya namna hiyo. Mteja wangu aliweka nakala ya hukumu kwenye fremu, iko sebuleni kwake mpaka leo, hakupata hata shilingi.

Ningeendelea kupima kama mwenye gari ana mali nyingine. Lakini nilipoona jina lake kamili kwenye ripoti ya trafiki nililitambua la ukoo. Baba yake nilimsimamia kwenye kesi ya ardhi miaka mitano iliyopita. Mzee yule alinieleza mashamba ya familia yote, lipi ni la nani, lipi limeandikwa kwa mtoto huyu. Kwa maneno mengine, najua mwenye gari ana nini cha kulipia, na nimekijua ndani ya siri ya mteja. Nikichukua shauri la kijana nitamsaliti mzee kwa kukitumia nikijuacho, au nitamsaliti kijana kwa kukificha. Hakuna njia ya tatu.

Walipofika saa nne niliwaambia siwezi kulichukua, na kwamba sababu haitokani na ubovu wa shauri wala na kijana, inatokana na kazi niliyokwisha kuifanya siku za nyuma na siruhusiwi kuieleza. Mjomba alidhani nimenunuliwa. Niliiona machoni kwake na sikuweza kumtoa wasiwasi. Nikampa kijana barua: sikupokea shauri, hii ni siku ya ajali, mwisho wa kufungua kesi ni miaka mitatu kutoka siku hiyo, tarehe nimeiandika kwa wino mwekundu, na majina ya mawakili wengine wawili wa Korogwe na Tanga mjini. Nimewataja pia wasaidizi wa kisheria, kwani tangu Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 wanatambuliwa na serikali, na asiye na hela ana mlango wa kubisha.

Nakala ya barua ameitia sahihi mwenyewe, kwa kalamu.

Ijumaa, 14 Juni

Niliteremka Mombo kwa ajili ya shauri la mwalimu. Kilomita 33 kutoka Lushoto, na karibu kila hatua ni kona. Upande mmoja ukuta wa jiwe, upande mwingine korongo. Nilimwomba dereva asimame kwenye daraja.

Sipokei kesi ya ajali nikaisimamia kwa mchoro wa trafiki peke yake. Mchoro unaonyesha mstari mnyoofu na mishale. Hauonyeshi kwamba pale daraja linapoanza lami imeliwa ubavuni kwa upana wa tairi moja, na kwamba gari linaloteremka lazima lisogee katikati. Hauonyeshi harufu. Nilisimama robo saa, yakapita magari matatu ya mizigo, na la pili lilikuwa linanuka kama mpira unaochomwa. Dereva anayejua mlima huteremka na gia ileile ambayo angepandia, injini ndiyo ishike gari. Anayebana mafuta huweka gia nyepesi na kukanyaga breki njia nzima, na zikishapata moto hazishiki tena. Kwa hiyo dereva anaposema "breki zilifeli", kwangu hilo si jibu. Breki hazifeli zenyewe kwenye mlima huu, na mahakama inapaswa kuelezwa hivyo na fundi. Ukaguzi wa gari ukifanyika siku mbili za mwanzo, fundi ataona rangi ya vyuma. Ukichelewa, gari limeshapelekwa gereji na vyuma vimeshabadilishwa.

Niliporudi stendi ya Mombo niliangalia barabara kuu inayokwenda Korogwe. Februari 2023 wilayani mle Coaster iliyokuwa inasindikiza maiti kutoka Dar es Salaam kwenda Moshi iligongana na Fuso, wakafa watu zaidi ya 15 usiku mmoja. Msiba kama ule nchi nzima huusikia, viongozi huja, majina husomwa. Wanaokuja kwangu ni watu wa ajali ya mtu mmoja na nyonga moja, ambayo hata kijiji cha pili hakikuisikia.

Na Mombo yenyewe siwezi kuipita bila kumkumbuka mama mmoja ambaye bado sijamwandika.

Jumapili, 23 Juni

Nimerudi kanisani, nyumba imetulia. Nililianza daftari hili ili niandike jambo hili, na nimezunguka karibu wiki tatu nikiandika mengine.

Yule mama wa Mombo alikuwa anauza machungwa na ndizi kwa abiria wa mabasi pale stendi. Tarehe 19 Februari 2020 alipigwa na gari la mizigo lililokuwa linalipita basi lililosimama. Nyonga na mguu wa kulia. Alikaa hospitali miezi, na Agosti mwaka ule alipanda mpaka Lushoto kwangu, amebebwa na bodaboda, magongo mawili mgongoni kwa dereva. Aliniletea chane ya ndizi.

Nilizisoma karatasi zake nikaona shauri ni gumu. Mchoro wa trafiki ulimweka ndani ya lami, kana kwamba aliingia barabarani mwenyewe. Dereva hakushtakiwa. Mashahidi walikuwa wapiga debe wawili walioshahama. Gari lilikuwa limeuzwa. Fomu ya polisi ya PF3 alikuwa nayo, lakini risiti za matibabu zilikuwa nne tu, na Mahakama ya Rufani ilishasema wazi, katika uamuzi ulioripotiwa mwaka 1992, kwamba hasara mahususi lazima itajwe kwa uwazi na ithibitishwe. Hela aliyolipa bila risiti, mbele ya hakimu haikulipwa.

Nilipaswa kumwambia siku ileile: mama, silichukui. Lakini alikuwa ametoka mbali, magongo yake yameegemezwa kwenye meza yangu, ndizi zake ziko mbele yangu. Nikasema, "Acha karatasi hapa, mama, nitaangalia."

Mimi nilimaanisha sijaamua. Yeye alisikia nimepokea. Na kwa nini asisikie hivyo? Mtu mwenye ofisi na kabati amechukua karatasi zako, akaziweka kabatini. Alipiga simu mara mbili mwaka 2021. Mara zote mbili nilimjibu bado naangalia. Hakuna mkataba, hakuna malipo, hakuna hata barua, bahasha tu ya kaki kwenye kabati la chini. Nilikuwa na huruma naye kweli, na kwa huruma ile nikamwacha alale juu ya ahadi ambayo sikuitoa.

Tarehe 21 Mei mwaka huu alirudi, sasa ana gongo moja. Aliuliza kesi imefikia wapi. Nilifungua bahasha nikaona tarehe ya ajali, na nikahesabu kwa vidole ingawa nilikuwa nishajua. Madai ya kuumizwa mwili kwa uzembe yana miaka mitatu chini ya Sheria ya Ukomo. Iliisha 19 Februari 2023. Mwaka mmoja na miezi mitatu ilikuwa imepita.

Nilimweleza yote. Akauliza, "Sasa kosa la nani, mwanangu?"

"Langu, mama."

Nikamwambia pia kwamba ana haki ya kunilalamikia kwenye Kamati ya Mawakili, na namna ya kuandika. Alinitazama kama mtu anayesikia lugha ngeni. Alisema yeye hakupanda mlima kuja kunilalamikia.

Kuna mlango mmoja uliobaki, na ni mwembamba. Kifungu cha 44 cha Sheria ya Ukomo kinampa Waziri wa sheria mamlaka, akishashauriana na Mwanasheria Mkuu, ya kuongeza muda pale haki inapodai hivyo, kwa kipindi kisichozidi nusu ya muda wa mwanzo. Nusu ya miaka mitatu ni mwaka mmoja na nusu. Hesabu inagota 19 Agosti 2024. Barua ya maombi ilikwenda Dodoma tarehe 27 Mei kwa jina lake, na ndani yake nimeandika bila kupindisha kwamba ucheleweshaji ulikuwa wa wakili.

Kuanzia siku ile swali langu la kwanza kwa mtu wa ajali ni tarehe. Na hakuna bahasha inayolala ofisini kwangu bila jibu la maandishi ndani ya siku saba.

Jumanne, 9 Julai

Baridi ya kukata. Jioni nilikuwa na rafiki yangu anayefundisha kwenye Chuo cha Uongozi wa Mahakama hapa mjini, tukaota moto wa mkaa tukibishana kuhusu ada.

Anasema Marekani wakili wa ajali halipwi kitu mpaka mteja ashinde, kisha hukata fungu, mara nyingi theluthi. Gharama zote anazitanguliza wakili. Kwa hiyo maskini anafika mbele ya wakili mkubwa bila senti. Nikamwambia ndiyo, lakini wakili yule anapima jeraha kama mfanyabiashara apimavyo shamba: theluthi ya hili itarudisha hela yangu? Mwenye kidole kimoja hafunguliwi mlango. Kenya, kifungu cha 46 cha Sheria ya Mawakili yao kinabatilisha mkataba wa kulipwa kwa kushinda tu, na bado huko nako kulizuka mawakili wa kufukuzia majeruhi wa matatu, na kampuni kadhaa zilizokuwa zinazikatia bima zikaanguka, madai ya uongo yakiwa sehemu ya mzigo ule.

Kwetu mteja hubeba gharama kadiri shauri linavyokwenda: ada ya mahakama, nauli za mashahidi, daktari wa kuja kutoa ushahidi, na mimi. Kwa hiyo mchujo umefanyika kabla mtu hajapanda ngazi zangu. Mwenye kuweza kuuza mbuzi wawili huja. Asiye na mbuzi hubaki na karatasi ya kijiji ya 600,000. Mimi huona watu wa katikati tu na kudhani nimeona wote.

Rafiki yangu anataka niwe na orodha ya masharti ukutani. Sitaki. Mambo ninayoyapima nayajua: tarehe, mkosaji, mwenye uwezo wa kulipa, karatasi, na kama kuna mtu wangu wa zamani upande wa pili. Ila kuna jambo siwezi kulibandika ukutani, na ndilo lililonifanya nimpokee yule mzee wa Mlalo mwaka jana kwa shauri ambalo kila mtu aliona halina faida. Mjukuu alikuwa amegongwa, na mzee aliniambia, "Mimi nataka dereva aulizwe mbele za watu." Aliulizwa. Tulipata kidogo sana. Mzee alilipa ada yangu kwa plamu, madebe matatu, na sijajuta.

Alhamisi, 18 Julai

Mwalimu alikuja kusaini hati ya madai. Nikamsomea kila aya kwa sauti, na tangu 2021, sheria ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, nimeona tofauti yake: zamani mteja alisaini akiamini, siku hizi ananikatiza. Alinikatiza kwenye aya ya saba, panaposema kwamba bega lake lilikuwa zima kabla ya ajali.

Akanyamaza, akavuta mtandio. Kisha akaniambia kwamba mwaka 2017 alianguka kwenye ngazi za shule, bega hilohilo, akafungwa kitambaa wiki tatu.

Upande wa pili wangelipata hilo. Cheti kipo hospitali fulani, na daktari wa bima huuliza. Lingeibuka siku ya ushahidi, hakimu angeacha kuamini hata yale ya kweli. Nimeiandika aya upya: aliwahi kuumia 2017, akapona, akafundisha miaka sita akiandika ubaoni kwa mkono huo, na baada ya Novemba 2023 hawezi kuuinua juu ya sikio. Shauri limekuwa dogo kidogo, na limekuwa na nguvu zaidi. Kama angesema nilifute lile la 2017, leo ningemrudishia bahasha yake.

Jumanne, 6 Agosti

Barua kutoka Dodoma imefika. Waziri ameongeza muda hadi 19 Agosti. Nimeisoma nimesimama mlangoni posta, nikaisoma tena kwenye gari.

Nilitamani kuifungua kesi mimi mwenyewe, na nilitamani kwa nguvu kuliko kesi yoyote ya miaka yote hii. Ningekwenda bure, ningepiga magoti kwa fundi na kwa wapiga debe. Lakini mama huyu ana dai lingine halali, na dai hilo ni dhidi yangu. Akishindwa mahakamani Korogwe, atakuwa na haki ya kusema alishindwa kwa sababu mashahidi walipotea mikononi mwangu. Siwezi kuwa wakili wake na wakati huohuo niwe mtu anayeombea hilo lisiulizwe. Hata nikimpenda, hasa nikimpenda, ushauri wangu kwake una doa.

Nimempigia wakili mwenzangu wa Tanga, dada mmoja makini asiye na undugu wa kazi na mimi. Nimemsimulia yote bila kujipunguzia. Akasema atalisoma jalada usiku huu na kunijibu kesho, na kama jibu ni hapana nitalijua kesho.

Jumatano, 7 Agosti

Amelichukua. Gharama za kufungua na nauli nitazilipa mimi, na amemwandikia mama barua inayosema hivyo, ili ajue fedha zimetoka wapi na kwa nini, na kwamba hazimfungi kunidai.

Amenionya shauri bado ni gumu. Mchoro bado unamweka mama ndani ya lami.

Ijumaa, 16 Agosti

Imefunguliwa Mahakama ya Wilaya, Korogwe, jana saa sita mchana, nakala ya amri ya Waziri imeambatanishwa. Leo wakili mpya alitaka kupaona mahali penyewe, akaniomba nimwonyeshe njia tu.

Mama alitutangulia stendi ya Mombo. Bado ana meza pale, sasa anauza akiwa amekaa. Alisimama kwa gongo, akatembea hadi kando ya lami, mabasi yanapopangana. Akatafuta kwa macho, akasogea hatua moja kulia, akasogea nusu hatua nyuma, akachomeka gongo lake ardhini kwenye changarawe, nje kabisa ya lami.

"Hapa," akasema. "Beseni la machungwa lilikuwa hapa kushoto. Hapa chini palikuwa na kifuniko cha bomba, nilikuwa naegesha beseni ili lisipinduke."

Wakili aliinama akafukua changarawe kwa ncha ya kiatu. Kifuniko kipo. Akatoa futi ya kamba kwenye mkoba, akamwita kijana wa stendi amshikie upande wa pili, wakapima kutoka kwenye chuma kile hadi ukingo wa lami, akaandika, wakapima tena. Mimi nilibaki ng'ambo ya barabara kwa muuza chai, maana shauri si langu tena, na kutoka pale sikuweza kusikia ni sentimita ngapi.